Kindi Auliza Siku ya Katiba

Wanyama walipokuwa na chuo kikuu chao, Kasuku, kiongozi wa wanafunzi, alipanda jukwaani Siku ya Katiba akaikariri katiba nzima ya chuo bila kukosea. Wote wakashangilia. Kindi, ambaye dukuduku halikumpa usingizi, akainua mkia.

“Mheshimiwa, mbona sisi wadogo tunazuiwa kuingia maktaba?”

“Nyamaza! Leo ni sherehe, si siku ya maswali.”

“Haya, kaka. Lakini ile ibara ya tano inasemaje vile?”

Kasuku akavimbisha kifua. “Kila mwanachuo ana haki ya kuuliza na kujibiwa!”

Uwanja ukaangua kicheko. “Basi mjibu!”

Kasuku akakunja mabawa. “Hata mimi sijui,” akanong'ona.

Kwa kuwa hata kiongozi hakujua sababu ya kuwazuia wadogo, maktaba ikafunguliwa kwa wote. Kindi akaingia mbio, maswali mengine yakimwasha ulimini.