Kona Iliyokunjika

"Usiguse, dada," Shami akaniambia mbele ya wageni wa maonyesho yake ya kwanza ya uchoraji, mtaani Kibagabaga.

Nilikuwa nimeshaugusa mchoro. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo. Vidole vyangu vinajua kilichojificha ndani ya bitana. Hapo alipomchora marehemu mama yangu, shavuni, chini ya rangi nzito ya bluu, kulikuwa na karatasi yenye kona iliyokunjika.

Kona hiyo niliikunja mwenyewe utotoni.

"Nilikuazima picha uitazame tu ukichora, si uibandike! Sina picha yake nyingine."

"Si iko hapa? Sasa kila mtu anamuona."

Mgeni mmoja akainua simu atupige picha.

Nikafungua mkoba, nikatoa mkasi.