Sala ya Kumwombea Kanga

Zamani ndege walikuwa na jumuiya yao ya kusali. Siku moja Chiriku, yule mwenye mdomo usiojua mlango, akaleta ombi.

"Wapendwa, tumwombee Kanga. Anakula mayai yake mwenyewe, maskini."

Kanga akamgeukia. "Umeniona, dada?"

"Mimi naleta ombi tu."

"Basi sema kweli kabla hawajaitikia amina."

Chiriku akafumba macho, mtakatifu kweli kweli. Njiwa, kiongozi wao, akaomba: "Bwana, njaa hiyo na imrudie mwenyewe, yeyote yule."

Chiriku akaitikia amina kuwapita wote. Upepo ukakatika ghafla.

Chiriku alirudi kiotani akayakuta mayai yake mazima, yana joto. Akayaatamia kidogo, akainuka, akayatazama. Mate yakaanza kumdondoka.