Sauti ya Sataranji

Siku hizi kila programu ya sataranji huongea kwa sauti ya marehemu wa nyumba. Yetu inaongea kama Ramla, mke wa kwanza wa mume wangu, Baba Hafidh. Kila alasiri wanacheza barazani, na Ramla humchombeza: "Mle farasi wangu, mpenzi, waogopa nini?" Mume wangu hucheka kicheko ambacho mimi sijawahi kukipata. Marehemu gani huyo asiyejua kunyamaza?

Toleo jipya likatoka. Hilo huiga sauti ya mke aliye hai.

"Tulichukue," nikamwambia. "Hili limechakaa."

"Na Ramla je, Tunu?"

"Apumzike, maskini."

Akasita, akaiinamia simu kana kwamba anaomba radhi. Nikaona atabadili mawazo, nikabonyeza mwenyewe. Ramla akakatika katikati ya neno. Usiku ule nililala fofofo.

Jana pilau ilipoiva nikamfuata barazani. Anacheka. Nikaisikia sauti yangu, laini kuliko niliyonayo mimi: "Mle farasi wangu, mpenzi."

"Pilau inapoa," nikasema.

Hakugeuka. "Subiri kidogo, Tunu. Naongea na Tunu."