Kambale Aliyewahi Kuitika

Zamani za zamani, Kambale na Kunguru walibishana ni nani kati yao anayesikia upesi zaidi.

"Mimi hukaa juu mtini, hakuna kinachonizibia," Kunguru alijigamba.

"Hewa ni goigoi, ndugu yangu," akasema Kambale. "Humu majini sauti hukimbia zaidi ya mara nne ya huko kwako."

Wakamwomba Mamba, aliyekuwa ng'ambo ya mto, apige ukelele. Atakayeitika kwanza ndiye mshindi. Mamba alikubali haraka mno. Akazamisha nusu ya mdomo majini, nusu akaiacha juu, akanguruma, "Chakula changu kiko wapi?"

"Naam! Niko hapa!" akaitika Kambale palepale.

Kunguru ndiyo kwanza sauti ilimfikia. Alifungua mdomo aitike, akayaelewa maneno, akaufumba.

Mamba alikwisha kuvuka. Kambale akajichimbia topeni, lakini ncha ya mkia ikaishia menoni mwa Mamba.

"Hongera, umeshinda!" Kunguru akamwita. Akaita tena.

"Nimekusikia tangu mwanzo," Kambale akanong'ona. "Ninachunguza kwanza naitiwa nini."