Mkasi wa Sikudhani

Sikudhani, fundi cherehani, alivuka barabara asubuhi na mkasi wake mkubwa ameuzungushia kanga kuukuu. Siku ya tatu hii hakupata usingizi, wala hakuchoka. Mikono ilimwasha kukata, na mezani kwake kulikuwa na hariri ya bibi arusi. Maradhi yake ya akili, ya kupanda na kushuka, alishayajua. Mwaka juzi yalimpandisha, akakata vitambaa vya wateja kumi na wawili kwa siku moja, vyote vikaharibika. Mji mzima ulimcheka.

Alimkuta dada yake, Mwanahawa, anapepeta mchele.

"Kitendawili!" Sikudhani alianza.

"Tega."

"Changu chapanda bila ngazi, chashuka bila kamba."

"Moshi?"

"Moshi hushuka? Umeshindwa, nipe mji."

"Haya, chukua huu huu wetu, na waliokucheka wote wamo."

"Nimeupokea. Jibu ni mimi, dada. Nimeanza kupanda." Akamwekea mkasi mapajani. "Kaa nao mpaka daktari aseme nimetulia. Bibi arusi nitamwambia mwenyewe anisubiri."

Mwanahawa aliacha ungo. "Nani kakutuma uulete?"

"Anitume nani? Nimejiona mwenyewe."

Dada mtu alimtazama, macho yakamlowa. "Basi ngoja nivae buibui twende hospitali, mwenye mji."

"Utanikuta njiani. Miguu yangu leo haingoji mtu."

Akatoka, mikono mitupu, kichwa juu, akiwaamkia watu mlango kwa mlango kama anayeukagua mji aliopewa.