Shikamoo Iliyogoma

Huku kwetu Mbagala kulikuwa na maneno, na mie yalinisumbua kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua: eti fundi anayeshona sare za shule anawapima watoto mlango ukiwa umefungwa.

"Umbea tu huo," jirani aliniambia. "Fundi wa watu mstaarabu."

Shule zilikaribia kufunguliwa, nikampeleka Bahiya wangu akapimwe sketi. Mwaka jana alikwenda peke yake.

Fundi alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Karibu, mchumba."

Bahiya hakumwamkia. Mtoto anayewaamkiaga mpaka wauza maji!

"Mama Bahiya, hujamfunza adabu?" fundi akacheka.

Nilishafungua mdomo niseme, "Mwamkie fundi." Hapo nikahisi uzito mguuni. Bahiya alikuwa amepanda juu ya kandambili yangu kwa miguu yote miwili, kama zamani nilipomfundisha kutembea. Akaning'ang'ania.

"Leo haamkii mtu," nikasema.

Tukarudi taratibu. Sikumuuliza kitu. Tulipofika kona ya nyumbani akanivuta dera.

"Mama, hutanichapa?"

"Sikuchapi, mwanangu."

Mama mwenzangu, shika haya.

Usiseme "umbea tu".

Usimlazimishe mtoto kumwamkia mtu anayemwogopa.

Usimwache apimwe mlango ukiwa umefungwa.

Usimhoji mbele za watu.

Na akianza kusema, usimkatize. Wangu ndiyo kwanza ameanza.