Pembe ya Kusikilizia

Umeme ulikatika, na kompyuta iliyokuwa ikionyesha mapigo ya mtoto tumboni mwa Tunu ikazimika. Mkunga Zawena akatoa kabatini pembe ya mbao ya kusikilizia, ambayo hakuwa ameigusa tangu kompyuta iletwe. Akaisimamisha juu ya tumbo, akatega sikio. Kimya.

“Nesi, unamsikia?” Tunu akauliza.

“Tulia, mdogo wangu.”

Mara akasikia kitu kikidunda, tena kwa kasi. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akaona vidole vyake bado vimeishika pembe. Zamani yeye ndiye aliyewakataza wanafunzi wa ukunga: ukiishika, utasikia mapigo ya damu yako mwenyewe.

Akaiachia. Pembe ikabaki imesimama kati ya sikio lake na tumbo, na Tunu, akimkazia macho, akabana pumzi.